Siku Bibi Alipowafunza Madereva wa Chumvi

Bibi yangu ni somo. Kwa wale ambao hawakuzaliwa mwambao, somo ni yule mwanamke mzima anayekabidhiwa mwari kabla ya harusi, akajifungia naye chumbani siku saba, akamfunza yote ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Wengine humwita kungwi. Hapa Malindi, kuanzia Shela hadi Muyeye, ukimwona mume anayekimbilia kurudi nyumbani jua likiwa bado juu, muulize mkewe nani alimfunza. Nusu yao watakutajia bibi yangu. Nusu nyingine ni waongo.

Mimi sijafunzwa kitu. Mimi bado nafunga mkanda wa shule, na kila nikitega sikio mlangoni Bibi hunirushia kiatu bila hata kugeuka. Hajawahi kunikosa. Kwa hiyo ninayoandika hapa siyo siri za chumbani; hizo bado nazitafuta. Naandika yale yaliyotokea uani, mchana kweupe, mbele ya kuku na majirani, nilipokuwa kidato cha pili na dada yangu mkubwa alipokuwa karibu kuolewa.

Dada alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa chekechea, mpole kiasi cha kuwaomba radhi watoto waliomkanyaga. Mchumba wake alikuwa dereva wa lori la chumvi. Alikuwa akipakia Gongoni, anapita kwetu Malindi, anavuka Kilifi, anashika njia ya bara mpaka mpakani na Uganda, na akirudi analeta viazi vya Nakuru na hadithi. Kijana mnene, mchangamfu, meno yote thelathini na mawili nje. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa akicheka vichekesho vyangu, jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa limeshapigwa marufuku.

Wiki mbili kabla ya harusi, Bibi alinichukua twende Mombasa kununua udi, leso na shuka za chumba cha mwari. Tulipofika Kilifi, abiria wote tukashuka kwenye basi kama desturi, tuteremke kwa miguu hadi kwenye feri. Malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka majini hadi juu kabisa kilimani, yakisubiri zamu. Na kando ya foleni, juu ya kreti la soda, alisimama bwana afya.

Alikuwa kijana wa bara, shati limebanwa shingoni kwa tai katika joto lile, mkononi kashika kipaza sauti. Alikuwa akihutubia malori.

"Wananchi madereva! Ugonjwa wa ukimwi husababishwa na virusi, na virusi hivi huambukizwa hasa kwa njia ya kujamiiana..."

Alipofika hapo tu, foleni nzima ikapiga honi. Po-o-o-o! Akangoja, akajifuta jasho, akaanza upya. "Husababishwa na virusi, ambavyo huambukizwa kwa njia ya..." Po-o-o-o! Kunguru wote wa Kilifi wakaruka. Mimi, sisemi uongo, nilicheka hadi nikashika mlingoti wa taa.

Halafu nikasikia honi moja ninayoijua. Ilikuwa inalia kama mbuzi anayevutwa sikio, na lori lenye honi hiyo lilikuwa moja tu barabara yote ya pwani. Nikatazama. Shemeji yangu mtarajiwa alikuwa ametoa mkono dirishani, amelalia honi kwa kiwiko, anacheka machozi yanamtoka. Hakutuona. Nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa amemwona.

Alikaza buibui lake, akamwendea yule kijana juu ya kreti.

"Shikamoo, mama," akasema bwana afya.

"Marahaba. Teremka huko, shingo yaniuma."

Akateremka.

"Haya. Yale uliyokuwa ukiwaambia wale, niambie mimi."

"Mama, haya ni mambo ya... ni mambo ya watu wazima."

"Na mimi unanionaje? Natambaa?"

Kijana akalegeza tai. Akaanza tena na virusi vyake. Bibi akamkatiza. "Mwanangu, mimi kazi yangu ni kufunza maharusi tangu wewe hujazaliwa. Hakuna neno utakalolisema nikazirai. Wewe jibu ninayokuuliza. Kuna dawa?"

"Hakuna, mama."

"Mgonjwa yuajulikana kwa kukonda, kama wanavyosema?"

"Mwishoni. Kabla ya hapo aweza kukaa miaka mingi ni mnene, mzima, anabeba magunia, anacheka. Hata mwenyewe hajui."

"Na mkewe?"

"Huambukizwa, mama. Na mtoto akizaliwa, pengine naye pia."

Bibi aligeuka akayatazama malori yale, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayesoma barua asiyoipenda. Basi letu likaingia kwenye feri na kuvuka bila sisi. Nikamvuta buibui, hakusikia.

"Mbona wakupigia honi?" akamuuliza.

"Sijui, mama. Hunipigia kila siku."

"Na kesho?"

"Kesho nitakuja tena."

Bibi akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Moyo unao," akasema. "Ulichokosa ni maneno."

Tukapanda basi jingine. Mombasa Bibi alinunua udi na shuka bila hata kubishana bei, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika kweli.

Jioni ile, mbele ya mama na dada, alitoa tangazo lake. "Huyu mwari simwingizi ndani. Nitamfunza mume kwanza."

Mama akaangusha upawa. "Mama! Lini somo kafunza mwanamume? Watu watasema nini?"

"Watasema. Wana midomo."

"Hakuna nyumba itakayokuletea mwari tena!"

"Nimefunza wa kutosha. Nimewafunza watoto wa watu jinsi ya kumpokea mume, jinsi ya kumpendeza, jinsi ya kufunga mlango. Sijamfunza hata mmoja kumuuliza mumewe alikolala. Sasa nimeambiwa kuna ugonjwa unaoingia kwa mlango huo huo ninaowafundisha kuufunga. Nimtie mjukuu wangu humo kwa mikono yangu?"

Dada alikuwa amejifunika uso kwa leso. Akasema kwa sauti ndogo, "Na akikasirika akaniacha?"

"Akikuacha utalia mwezi mmoja," Bibi akasema. "Asipokuacha, nawe hukuuliza..." Alichukua upawa sakafuni akaufuta.

Sasa, ujumbe ulikuwa mfupi. Nilitumwa nimwambie shemeji, pembeni na kwa adabu, aje kumwona Bibi Alhamisi baada ya alasiri, peke yake. Hata kasuku angeweza kuufikisha. Lakini mimi nilimkuta, siku aliporudi safari, mkahawani karibu na soko amekaa na wenzake wanne, madereva wote wa chumvi, mbele yao chai ya rangi na mahamri, na pembeni kulikuwa na kreti tupu la soda. Mtu mwenye kipaji changu, ukimwekea kreti tupu na watazamaji watano, unataka afanye nini?

Nikapanda. "Wananchi madereva!" nikasema kwa sauti ya bwana afya, puani, na mkono mmoja nikijifuta jasho lisilokuwepo. Mkahawa mzima ukageuka. Nikafika kwenye neno lenyewe, wakapiga honi kwa midomo yao, mmoja akapaliwa na chai. Raha! Nikanogewa. Nikabadilisha sauti, nikawa Bibi: "Na yule bwana harusi aliyekuwa akilalia honi kule Kilifi, aje Alhamisi akae chini, afunzwe, asije akamletea mjukuu wangu maradhi ya barabarani!"

Maneno hayo ya mwisho Bibi hakuyasema. Niliyaongeza mimi, kunogesha.

Kicheko kikakatika. Shemeji aliweka kikombe chini. Meno yote thelathini na mawili yakaingia ndani.

"Nenda kamwambie bibi yako mimi si mgonjwa," akasema. "Na kama dada yako ananiona mgonjwa, basi atafute mzima."

Akasimama akaenda kwenye lori lake. Mimi nikabaki juu ya kreti kama sanamu la mjinga. Dada alikuwa amengoja miaka miwili harusi ile, nami nilikuwa nimeivunja kabla chai haijapoa.

Nyumbani nikasema, "Amesema atafikiria." Dada akanishukuru. Akanikatia kipande kikubwa cha mkate wa sinia, na wallahi nilikigawia kuku. Siku tatu sikumchekesha mtu. Mama akanipima homa.

Alhamisi ikafika. Alasiri ikapita. Bibi alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, sinia la tende mbele yake na birika la kahawa pembeni, buibui limenyooshwa. Dada alikuwa ndani, nyuma ya dirisha lenye pazia. Nikasema moyoni, sasa niseme ukweli, nipigwe, yaishe. Nikafungua mdomo. Hapo hapo mlangoni pakasikika, "Hodi!"

Alikuwa shemeji, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, uso umekaza. Na nyuma yake wenzake wote wanne.

Bibi akawatazama. "Nilimwita mmoja," akasema. "Huu ni ukumbi wa siasa?"

Aliyejibu ni dereva mkubwa kuliko wote, mzee wa bara mwenye mvi masharubuni. "Shikamoo, nyanya. Hawa nimewaleta mimi. Huyu kijana alikuwa amekataa. Nikamwambia wewe enda, na sisi tutakuja na wewe. Mimi nilikuwa na rafiki yangu, dereva. Mnene kuliko huyu. Nimemzika mwaka huu akiwa mwepesi kama mtoto, na hakuna mtu alitaja ni ugonjwa gani. Hata mimi sikutaja." Akavua kofia. "Pale feri hatupigi honi kwa sababu ni kichekesho, nyanya. Tunapiga ndiyo tusisikie."

Bibi akajisogeza upande mmoja wa mkeka. "Kaeni," akasema. "Viatu nje."

Wakakaa, wanaume watano wenye mikono kama makasia, magoti yamebanwa pamoja kama wari. Mama alichungulia kutoka jikoni akarudi ndani akishika kichwa. Ukutani, jirani alikuwa tayari amepanda juu ya kinu.

Bibi hahutubii. Nimekwisha jua hilo kwa kuchungulia kwangu: yeye humpa mwari kitu mkononi, akauacha mkono ufikirie. Akasukuma lile sinia katikati.

"Safari yenu ya mwisho, kutoka hapa hadi mpakani na kurudi. Kila mahali mlipolala, kuleni tende moja. Kokwa mshike mkono wa kushoto."

Wakatazamana. Wakaanza. Walikula wakitaja kwa kunong'ona: Mariakani, Voi, Mtito Andei... Mmoja akasema, "Nyanya, tende zitaisha kabla hatujafika Nakuru," wenzake wakacheka, hata shemeji akatabasamu kidogo. Bibi akangoja wamalize.

"Sasa, zile kokwa za pale mlipolala peke yenu ndani ya lori, zitupeni hapo uani."

Kokwa zikaanguka mchangani. Mbili hapa, moja pale. Kuku wakaja mbio, wakazionja, wakaondoka wamekasirika. Yule mzee wa masharubu alitupa zake zote, akafungua kiganja kitupu, kisha akasema kwa uaminifu, "Safari hii tu, nyanya. Kwa sababu ya kile kifo."

"Zilizobaki zifumbieni mkono," Bibi akasema. "Msinionyeshe. Mungu kawasitiri, mimi nani niwafunue? Lakini nyinyi wenyewe mwazisikia hapo mkononi. Kila kokwa ni mtu. Na yeye ana mkono wake, kaufumba, ndani mna kokwa zake, za madereva wengine na wasio madereva. Na kila mmoja wa hao ana mkono wake."

Mmoja akauficha mkono wake nyuma ya mgongo.

"Huu ugonjwa, kijana wa kule Kilifi kaniambia, haumpigi mtu kofi ukutane nao usoni. Wakaa ndani ya mtu mnene, anayecheka. Kwa hiyo msinitazamie unene wenu. La kwanza, zinaa ni haramu, na mnajua, na sikuwaiteni kuwaambia mnalolijua. La pili, kwa kuwa nawajua, yule kijana ana mipira ya kujikinga ndani ya sanduku lake. Nendeni mmuulize inavyotumika, msimpigie honi. Mimi hilo sikufunzwa, ningewafunza." Akamgeukia shemeji. "Na wewe. Mjukuu wangu hajalala popote isipokuwa kitanda kile pale ndani. Siku atakapofunga mlango na wewe, na wote walio katika mkono wako watakuwa wameingia. Na yeye ndiye asiyejua."

Nikasikia pazia la dirishani likitikisika. Shemeji alikuwa anautazama mkono wake uliofumbwa. Kisha akaunyoosha juu ya sinia akaufungua.

Mimi, kwa tabia yangu mbaya, nilirefusha shingo nihesabu. Bibi alikuwa mwepesi kuliko mimi. Kabla hata kokwa ya mwisho haijatua, alikuwa ameshalifunika sinia kwa kawa, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni. Hadi leo sijui zilikuwa ngapi, wala jirani juu ya kinu hajui, wala dada. Nimemwona Bibi akifanya mengi ya ajabu, lakini lile la kawa ndilo ninalolikumbuka nikisikia watu wakisema neno heshima.

"Bi Mkubwa," shemeji akasema, sauti yake si ile ya mkahawani. "Nipe muda nikapime damu."

Kwa hiyo harusi ikaahirishwa. Bwana afya ndiye aliyemwandikia barua ya kwenda hospitali. Damu ikatolewa, ikapelekwa Mombasa, na majibu yalikuwa yanatembea kwa miguu. Wiki zikapita. Mji ukasema. Walisema dada ana mimba, wengine wakasema bwana harusi kakutwa na jini. Nyumba mbili zilizokuwa zimemwahidi Bibi mwari wao zikatuma salamu kwamba zimepata mtu mwingine. Bibi alipokea salamu hizo, akaendelea kuchambua mchele. Dada alikonda kwa mawazo, nasi tukamkataza kukonda, maana katika mji wetu kukonda lilikuwa jambo la hatari. Nami nikamwambia ukweli wa kreti la soda. Alinitazama sana, kisha akasema, "Kama ungemwambia pembeni, angekuja peke yake, au asingekuja." Sikuelewa kama nimesamehewa. Nikaosha vyombo wiki nzima, kwa tahadhari.

Katikati ya kungoja huko nilipita Kilifi na darasa letu. Malori yalikuwa kwenye foleni ile ile, injini zimezimwa. Bwana afya alikuwa chini, amevua tai, na aliyekuwa juu ya kreti ni yule mzee wa masharubu. Kijana alikuwa anamwambia sikioni, naye anawageuzia wenzake kwa lugha yao ya matairi na breki. Kuna aliyejaribu kupiga honi. Dereva wa lori la nyuma alishuka, akamchomolea ufunguo.

Shemeji alirudi Jumatatu moja asubuhi. Alikuja mbio, karatasi mfukoni mwa shati, meno yote nje tena. Hana ugonjwa. Mama alipiga vigelegele hadi jirani akapanda kinu. Dada alikaa chini pale alipokuwa amesimama, mlangoni, akalia.

Bibi hakuipokea ile karatasi. "Nimeamini," akasema. "Lakini hii yasema ya jana. Na safari ijayo?"

Kigelegele kikafia njiani. Nilitaka kumvuta Bibi buibui, nimwambie basi, inatosha, tumeshinda. Shemeji alisimama na karatasi yake hewani. Akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Sijui, Bi Mkubwa," akasema. "Njia ni ndefu. Nimeomba kazini nipangiwe safari za Mombasa na kurudi tu, bado hawajanijibu. Nitajitahidi. Na nikishindwa, nitamwambia kabla sijavua viatu."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akamwambia aende akanywe chai. Baadaye alimwambia mama, "Angeniapia kwamba hatashindwa kamwe, ningemfukuza."

Siku ya pili dada akaingizwa ndani. Udi ukawashwa, liwa ya kumpaka mwilini ikasagwa, mlango ukafungwa. Nami, bila shaka, nikaenda kutega sikio, tayari kwa kiatu. Nilitarajia kusikia zile siri zenyewe, zinazofanya wanaume wa Shela wakimbilie nyumbani.

Nilichosikia ni sauti ya dada, nyembamba, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemzoea. "Ulilala wapi?"

"Tena," Bibi akasema.

"Ulilala wapi?"

"Wamuuliza nani, ukuta? Inua macho. Tena."

"Ulilala wapi?"

"Tena."

Hakuna kiatu kilichorushwa. Nilikaa pale mlangoni hadi adhuhuri, na kila mara sauti ya dada ilikuwa inazidi kunyooka.